UZI: Koma ya Kiingereza si pumzi. Tunaoandikia watu barua, mikataba na matangazo hapa Lamu, tuliweke sawa

#1 Saiba wa Langoni

Assalaam aleikum jamani.

Kazi yangu ni kuwaandikia watu Kiingereza. Barua za kuomba kazi, maelezo ya nyumba za wageni ya kuwekwa mtandaoni, mikataba ya kukodi boti, barua za vikundi vya wavuvi kwenda afisini. Wanaokuja kwangu wana msamiati wa kutosha na sarufi yao si mbaya. Kinachowaangusha ni koma, nukta, ritifaa (ile alama ya ng'ombe) na semikoloni (;), na nina hakika makosa mengi yanatoka shina moja: tangu shule ya msingi tumeambiwa koma ni mahali pa kupumua. Basi mtu huandika huku akijisomea moyoni. Pumzi ikipungua anatia koma, ikikata kabisa anatia nukta.

Kiingereza kinachoandikwa leo hakiendi kwa pumzi. Alama zake humwonyesha msomaji neno gani limeshikana na lipi, na wapi jambo moja limekwisha jingine likaanza. Koma ikitiwa pasipo mahali pake maana inageuka, na anayeisoma barua yako kule Nairobi au Ulaya hana njia ya kukuuliza ulikusudia nini.

Nianze na mfano unaotugusa sote. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoletewa na ujenzi wa bandari. Barua za Kiingereza kuhusu fidia nimezitaipu nyingi. Sasa tazameni sentensi hizi mbili:

The fishermen who registered will be paid.
The fishermen, who registered, will be paid.

Ya kwanza inasema watakaolipwa ni wale waliojiandikisha. Ambaye hakujiandikisha hayumo. Ya pili inasema wavuvi wote wanaozungumziwa watalipwa, na inapitisha tu habari kwamba walijiandikisha. Maneno ni yale yale, koma mbili ndizo zilizoamua nani apate na nani akose. Ukizitia kwa kuwa ulivuta pumzi baada ya "fishermen", umeandika ahadi ambayo mwenye barua hakuitoa.

Kosa la pili ndilo ninalolifuta kila siku: kufunga sentensi mbili kamili kwa koma. Nadhani tunalitoa kwenye lugha yetu. Kiswahili kina -ka-. "Nilifika Mokowe, nikapanda boti, nikashuka Lamu." Ile -ka- imekwisha kufuatanisha vitendo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa hivyo koma inatosha. Kiingereza hakina kiungo hicho ndani ya kitenzi. Ukiandika "The boat was late, we missed the bus", Mwingereza anaona sentensi mbili zimegandishwa kwa gundi isiyoshika. Una njia tatu. Tia nukta: "The boat was late. We missed the bus." Tia kiunganishi: "The boat was late, so we missed the bus." Au tia semikoloni: "The boat was late; we missed the bus." Semikoloni kazi yake kubwa ni hiyo: sentensi mbili kila moja yaweza kusimama peke yake, lakini zina udugu.

Na lile neno "however" limetuponza sana. "The room is small, however it has a sea view" ni kosa lile lile. Sahihi ni "The room is small; however, it has a sea view." Semikoloni kabla, koma baada.

Nataka tuulizane na tujibizane hapa. Leteni mlivyonavyo.

#2 Nahodha wa Matondoni

Waaleikum salaam. Mimi sikubali moja kwa moja. Nilifundishwa koma ni pumzi na sijaona hasara yake. Nikisimama mbele ya kikao cha BMU, kikundi chetu cha kusimamia ufuo, kusoma barua, pale nilipotia koma ndipo ninapovuta pumzi, na watu wananielewa. Hao waliozitunga alama si walizitunga kwa ajili ya kusoma kwa sauti?

#3 Mhariri wa Mombasa

Nahodha, kwa upande wa historia una haki yako. Anayetajwa kuwa mwanzo wa alama hizi ni Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria kule Misri, yapata mwaka 200 kabla ya Kristo. Maandishi ya Kiyunani wakati huo yaliandikwa mfululizo, hayana hata nafasi baina ya neno na neno, na yalisomwa kwa sauti. Akaweka nukta kwa kimo tofauti, chini, katikati na juu, kumwonyesha msomaji atue kidogo au sana. Hapo ilikuwa kweli ni habari ya kutua.

Lakini baadaye watu wakazoea kusoma kimyakimya, na mashine za kuchapa zikaja. Semikoloni tunayoijua ilichapwa kwanza Venice mwishoni mwa karne ya 15, katika karakana ya Aldus Manutius. Tangu siku hizo, kidogo kidogo, alama zikahama kutoka koo la msomaji zikaenda kwenye muundo wa sentensi. Vitabu vya Kiingereza vya karne ya 18 bado vimejaa koma za pumzi. Ukivisoma utadhani mwandishi anapanda mlima. Vya leo vina koma chache, na kila moja ina sababu ya kisarufi. Mtahini wa leo na wakili wa leo wanakusoma kwa kanuni ya leo.

#4 Maalim

Wanangu, mnalizungumza jambo ambalo mumelisoma chuoni kabla hamjafika skuli.

Fungueni msahafu. Yuu ya maneno mutaona alama za waqfu. Mim ni kituo cha lazima. Lam-alif, usisimame. Jim, una hiari. Na kuna nukta tatu tatu zinazokuya mara mbili karibu karibu, kama katika aya ya 2 ya Suratul Baqara, kabla na baada ya "fihi": ukisimama penye moya, usisimame penye ya pili. Alama hizo hazikuwako katika misahafu ya mwanzo. Mwanachuoni aliyejulikana mno kwa kuzipanga ni as-Sajawandi, aliyefariki mwaka 560 Hijria. Alizipanga kwa kuangalia maana.

Tazameni aya ya 7 ya Aal Imran. Msomaji akisimama baada ya jina la Mwenyezi Mungu, maana ni kuwa tafsiri ya aya za mutashabihati, zile ambazo maana yake haiko wazi, haijui ila Yeye. Akiunganisha na maneno yanayofuata, "war-rasikhuna fil-ilmi", maana yaweza kuwa wanavyuoni waliobobea nao wanaijua. Maulamaa wamehitilafiana hapo tangu zamani, na hitilafu yenyewe ni ya kituo.

Na pumzi je? Mwanafunzi pumzi ikimkatikia pasipo kituo, tunamfundisha nini? Arudi nyuma neno moya au mawili, aunganishe, aendelee. Pumzi yake haikuwa kituo. Nahodha, hili walijua tangu una miaka saba.

#5 Nahodha wa Matondoni

Maalim, shikamoo. Umenimaliza. Hapo pa kurudi nyuma ndipo palipofungua mlango. Sasa Saiba, nipe kipimo. Nikiwa na sentensi mbele yangu nitajuaje koma hii ni ya pumzi au ya maana?

#6 Saiba wa Langoni

Marahaba Maalim, Mungu akuweke. Sikuwahi kulieleza vizuri namna hiyo, na kuanzia leo ndivyo nitakavyowaeleza vijana wanaokuja hapa.

Nahodha, kipimo cha kwanza: tafuta mtenda na kitenzi chake. Baina yao usitie koma moja iliyo peke yake. Tangazo nililoletewa juzi lilisema: "All visitors who want to hire a boat from our members, must report to the office." Mtenda ni mrefu, pumzi inakwisha kwenye "members", mkono unatia koma. Lakini "visitors" na "must report" ni mtenda na tendo lake, na koma imewatenga. Ondoa. Sentensi hata ikiwa ndefu namna gani, mtenda haachanishwi na kitenzi chake kwa koma moja.

Nimesema koma moja kwa sababu mbili zinaruhusiwa zikiwa jozi, zimezungushia habari ya ziada. "Our captain, who was born in Pate, speaks Italian." Kipimo cha pili ndicho hicho: yatoe maneno yaliyo ndani ya jozi, uone kama sentensi inasema jambo lile lile. "Our captain speaks Italian." Imesimama, nahodha ni yule yule, basi koma zina haki ya kuwepo. Na kama sentensi inaendelea baada ya habari ya ziada, usisahau koma ya kufunga. Wengi hufungua wasifunge.

Halafu koma ya kuita mtu. "Thank you Captain" yataka koma: "Thank you, Captain." Hii tunayo pia katika Kiswahili na tunaiacha hivyo hivyo.

#7 Kidato cha Nne

Kaka Saiba, mimi nafanya KCSE. Mwalimu wetu kila mara ananipigia mstari "its" na "it's" na "your's". Nisaidie tafadhali. Pia nimeona vibao vingi vya boti vimeandikwa "Dhow Trip's". Ni sawa?

#8 Malenga wa Mkomani

Mwanangu, ngoja nikujibu mimi, kwa sababu ritifaa ni chombo cha washairi.

Kwetu katika Kiswahili ritifaa ina kazi mbili. Iko ya ng'ombe na ng'ambo, inayoonyesha sauti. Hiyo isahau kabisa unapoandika Kiingereza. Ya pili ni ya inkisari. Mizani ikizidi tunapunguza silabi: "ninakwenda" inakuwa "n'nakwenda". Ritifaa imesimama palipotoka herufi. "It's" ni inkisari hiyo hiyo, imetoka "it is" au "it has". "Don't" imetoka "do not". Kwa hivyo ukiandika "it's", isome kwa urefu. "The boat lost it is sail"? Haisomeki. Basi ni "its sail", bila ritifaa.

Umiliki nakuachia mwenye uzi.

#9 Saiba wa Langoni

Ahsante Malenga. Kijana, umiliki ni huu. Mwenye kitu akiwa mmoja, ritifaa kisha s: "the captain's boat". Wakiwa wengi na neno limekwisha kwa s, ritifaa inakuja baada ya s: "the captains' boats". Wingi usio na s unarudi kama mmoja: "the children's school", "the women's group". Vimilikishi vyenyewe havina ritifaa hata kimoja: its, yours, hers, ours, theirs. Ile "your's" haipo katika Kiingereza, na barua yako rasmi ikiishia "Your's faithfully" utakuwa umempa mtahini kosa kwenye mstari anaousoma mwisho.

"Dhow Trip's" si sawa. Wingi wa kawaida hautaki ritifaa. Ni "Dhow Trips". Vile vile "Room's Available", "Snack's", "1990's". Futa zote.

Sisi tuna jambo letu la pekee: majina yetu mengi yanaishia kwa s. Idris, Abbas, Yunus, Ilyas, Anas. Boti ya Idris utaiandikaje? Uingereza wengi huandika kama wanavyotamka, "Idris's boat". Wako wanaoandika "Idris' boat" na si kosa. Chagua moja uifuate barua nzima. Usiandike "Idri's boat". Nimeiona kwenye stakabadhi, na jina la mtu ni amana, halikatwi.

Majina ya mahali usiyaundie kanuni, yafuate yalivyosajiliwa. London kuna stesheni ya Earl's Court yenye ritifaa, na magharibi yake iko Barons Court isiyo nayo. Marekani, bodi ya serikali ya majina ya mahali tangu ilipoundwa mwaka 1890 imekuwa ikiziondoa ritifaa katika majina, na Martha's Vineyard ni miongoni mwa majina machache yaliyoruhusiwa kubaki nayo.

#10 Mla Mkate wa Mofa

Nasoma kwa heshima lakini nina neno. Kwa nini tujitese hivi kwa alama za watu? Katiba imesema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Tuandike Kiswahili, wao watafute mkalimani. Nyinyi mnawafundisha watoto kuogopa koma ya Mwingereza, na Kiswahili chenyewe wanakiandika bila hata nukta.

#11 Wakili Mtarajiwa

Ndugu yangu Mla Mkate, kuhusu Kiswahili kuandikwa vizuri nakuunga mkono kwa moyo wote. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema hivyo ulivyosema, ila kinataja Kiswahili na Kiingereza pamoja kuwa lugha rasmi. Sasa soma kifungu cha 259(2). Matoleo ya lugha mbalimbali ya Katiba yakigongana, linalotawala ni la Kiingereza. Hivyo hata haki yako ya Kiswahili, ikibishaniwa mahakamani, itatafutwa katika maandishi ya Kiingereza, koma kwa koma. Mimi hilo lanitosha kuwa sababu ya kuzijua.

Niwape kesi mbili tulizosoma.

Jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya malipo ya saa za ziada ilitaja kazi zisizolipiwa: "The canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of" mazao, nyama na samaki, na vyakula vinavyoharibika upesi. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walikuwa wanasambaza, hawapakii. Je, "distribution" ni kazi ya peke yake katika orodha, au ni "packing" kwa ajili ya "shipment or distribution"? Kungekuwa na koma baada ya "shipment", usambazaji ungejitenga na madereva wangekosa. Koma haikuwepo. Mwezi wa Machi 2017 mahakama ya rufaa ikasema sheria ina utata, na utata ukawafaa madereva. Mwaka 2018 kesi ikamalizwa kwa mapatano ya dola milioni 5. Bunge la jimbo nalo liliiandika upya sheria ile na kutenganisha kazi hizo kwa semikoloni.

Koma hiyo ya mwisho kabla ya "and" au "or" ndiyo wanayoiita koma ya Oxford. Waingereza wengi hawaitumii, Wamarekani wengi wanaitumia. Mimi nasema: katika orodha ya menyu fanya upendavyo, katika mkataba itie kila mara.

Kesi ya pili ni Kanada, baina ya kampuni za Rogers na Aliant, kuhusu kutumia nguzo za nyaya. Mkataba ulisema utadumu miaka mitano, "and thereafter for successive five (5) year terms, unless and until terminated by one year prior notice in writing by either party." Ile koma kabla ya "unless" iliibua swali: notisi ya mwaka mmoja yaweza kutolewa hata ndani ya miaka mitano ya kwanza? Mwaka 2006 mdhibiti wa mawasiliano akasema ndiyo, koma imeruhusu. Mwaka 2007 akageuza uamuzi, kwa sababu mkataba ulikuwa na toleo la Kifaransa pia, na Kifaransa hakikuwa na utata huo.

Hilo la Kanada ndilo ninalowaambia wazee wanaokodisha mashamba na majumba yao hapa kisiwani: dai toleo la Kiswahili pembeni, litiwe sahihi pamoja na la Kiingereza. Ndugu Mla Mkate, hapo ndipo mimi na wewe tunakutana.

#12 Mla Mkate wa Mofa

Sikujua hiyo ya 259. Nimeelewa. Hoja ya kuwa na matoleo mawili naichukua nikaipeleke barazani kwetu.

#13 Binti Malindi

Hamjambo wa Lamu. Nina jambo la huku kwetu Malindi, na nyinyi litawafika tu.

Wageni wetu wengi na wakaazi wengi huku ni Waitaliano. Mwitaliano koma na nukta katika hesabu anazitumia kinyume na Mwingereza. Elfu moja mia tano na nusu anaandika 1.500,50. Sisi, kwa kufuata Kiingereza, tunaandika 1,500.50. Sasa fikiria umempa orodha ya bei imeandikwa "EUR 1,500" ya nyumba kwa mwezi, naye macho yake yamezoea kwamba baada ya koma ni senti. Au yeye amekuandikia "2.500" ya marekebisho ya bwawa, fundi akasoma mbili na nusu. Kwenye bei kubwa mtu atajua tu kwamba haiwezekani. Taabu ni kwenye vipimo: mita 2,5 za kitambaa, lita 1.250 za maji. Nimeona mapazia yaliyokatwa yakaharibika kwa alama hiyo moja, na fundi ndiye aliyebeba hasara.

Mimi nafanya hivi: nikimwandikia Mwitaliano kwa Kiingereza siweki alama ya maelfu kabisa. "KSh 1500." Ikiwa ni fedha nyingi naandika na kwa maneno. Na ile 1,500/= yetu niliiacha, kwa sababu mgeni hajui ule mkwaju na alama ya sawasawa vinataka nini. Ukishaandika KSh mbele, imetosha.

Wafaransa nao wana lao. Wao huacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza, ya mshangao, koloni na semikoloni. Kwa Kifaransa ni sahihi. Kwa Kiingereza hakuna nafasi kabla ya alama hizo, nafasi huja baada yake.

#14 Saiba wa Langoni

Binti Malindi, hapo kwenye nafasi umenigusa. Nusu ya muda wangu nazitengeneza nafasi. Watu huandika "We offer trips ,fishing ,and snorkelling ." Koma inashika neno lililotangulia, kisha nafasi moja, kisha neno linalofuata. Ukiacha nafasi kabla, simu au kompyuta ikifika mwisho wa mstari inaitupa koma chini, na mstari unaanza kwa koma. Haipendezi, na anayepokea tenda ataona karatasi hiyo haikupitiwa.

Jambo jingine linaloniuma kwa sababu linawaharibia watu biashara: alama za kunukuu. Wachoraji wetu wa vibao hupenda kuzitia kutilia mkazo. Nje ya hoteli moja nimesoma:

We serve "fresh" fish every day.

Mwenye hoteli alikusudia kusisitiza kwamba samaki ni wabichi, wa leo. Kwa Kiingereza amesema kinyume. Neno likitiwa alama za kunukuu bila kuwa ni maneno ya mtu, msomaji hulielewa kama "hao wanaowaita wabichi". Ni shaka. Mgeni anasimama pale mlangoni, anasoma, anacheka, anapiga picha, anaondoka. Na samaki wake ni wa asubuhi ile kweli, wametoka majini Kipungani! Kama wataka mkazo, mchoraji aandike kwa herufi nene au rangi nyingine.

#15 Mwenye Gesti, Shela

Kaka Saiba, mimi nyumba yangu ina vyumba vitatu, kila chumba vitanda viwili. Nimeandika "Three two bed rooms". Mgeni mmoja ameniuliza kama ni vyumba vitatu au viwili. Nifanyeje?

#16 Saiba wa Langoni

Dada, hapo ni kazi ya kistari kifupi. Maneno mawili yakishikana kuwa sifa moja mbele ya nomino, yafunge: "three two-bed rooms". Sasa ni vyumba vitatu, kila kimoja cha vitanda viwili. Ungekuwa na nyumba tatu za vyumba viwili viwili, ni "three two-bedroom houses". Na ukisema "twenty four bed rooms" bila kistari, mtu anaweza kusoma vyumba ishirini vya vitanda vinne au vyumba ishirini na vinne.

Nahodha, hili lakuhusu na wewe. "Small boat owners" mtu anaweza kuelewa ni wenye boti walio wadogo wa mwili au wa mtaji. "Small-boat owners" ni wenye boti ndogo, basi. Kwenye barua za BMU kitie kila mara.

Sifa ikija baada ya nomino, mara nyingi kistari hakihitajiki: "a well-known captain", lakini "the captain is well known".

Na usikichanganye na deshi, ile ndefu. Deshi hutenga, kistari kifupi huunganisha. Kwenye anwani, alama baina ya nambari ya sanduku na 80500 ya Lamu wengi hutia deshi yenye nafasi pande zote, na inasomeka vizuri.

#17 Kidato cha Nne

Na koloni je? Mwalimu alinikata "The towns are: Lamu, Faza and Siyu."

#18 Mhariri wa Mombasa

Alikata sawa. Kabla ya koloni sentensi iwe imetimia. "The towns are" haijatimia, inangoja. Andika "The towns are Lamu, Faza and Siyu." Ukitaka koloni, itimize kwanza: "We visited three towns: Lamu, Faza and Siyu." Baada ya "such as" na "including" pia usitie koloni.

#19 Mwenye Gesti, Shela

Nimewaamini. Hili hapa tangazo langu lote, lisahihisheni hapa hapa wengine wajifunze. Sitaona haya.

"WELCOME to our house, its located in Shela, five minutes walk from the beach. All rooms are air conditioned, however the rooftop is naturally cool. Guest's enjoy "fresh" seafood ,Swahili dishes ,and juices . Children under 5 , stay free !!"

#20 Saiba wa Langoni

Ahsante kwa kuliweka wazi, dada. Nimelipanga hivi:

"Welcome to our house in Shela, five minutes' walk from the beach. All rooms are air-conditioned. The rooftop, however, is cooled by the sea breeze. Guests enjoy fresh seafood, Swahili dishes and juices. Children under 5 stay free."

"Its located" imeondoka yote, kwa sababu "in Shela" imetosha. Ritifaa ya "minutes'" ni ya umiliki, mwendo wa dakika tano, na dakika ni nyingi ndiyo maana imekuja baada ya s. "However" nimeizungushia jozi ya koma kwa kuwa iko katikati ya sentensi, na nukta imezitenga sentensi mbili. Koma baada ya 5 nimeitoa: "children under 5" ndio mtenda, "stay" ni kitenzi chake. Alama za mshangao nimezitoa zote mbili. Habari ya watoto kulala bure inajitosheleza.

Koma ya Oxford kabla ya "and juices" sikuitia kwa kuwa ni tangazo, na Kenya tunafuata zaidi Uingereza. Wakili akitaka kuirudisha simkatazi.

#21 Wakili Mtarajiwa

Kwenye juisi nakuachia. Kwenye fomu ya masharti ya kulala, dada, itie.

#22 Binti Malindi

Na bei hukuiweka. Ukiiweka, kwa hao wanaotoka Italia na Ufaransa, andika "KSh 6500 per night, breakfast included". Koma moja tu, ile ya kabla ya "breakfast".